Pua ya Mwaisha

Kwa miaka kumi na tisa Mwaisha alikula ubwabwa wa harusi za watu akiwa amekaa peke yake karibu na mafiga. Hakuna aliyemfukuza. Watu wa kijijini kwetu hawamfukuzi mtu. Wanakunja miguu, wanavuta mkeka, halafu wanasema hapo pana mtu, ametoka kidogo. Mwaisha alishazoea. Alichukua sahani yake, akajisogeza kwenye moshi wa kuni, akala mpaka akashiba, akanawa na kuondoka.

Sababu ilikuwa harufu. Kijiji chetu kiko mlimani kidogo. Ukitoka Mlali unapandisha kama saa nzima kwa miguu kuelekea Uluguru, na sote tunaishi kwa nyanya. Hata mimi mwalimu nina kishamba changu. Nyanya za siku hizi bila dawa hazifiki sokoni, kwa hiyo zinapigwa kila wiki, na mpigaji aliyetegemewa na kijiji kizima alikuwa Mwaisha. Bomba la kupulizia dawa alilirithi kwa mumewe. Marehemu alikuwa na tabia ya kuzibua nozeli kwa kuipuliza kwa mdomo, akafa na mapovu mdomoni akiwa na miaka thelathini na nne. Eda ilipokwisha tu, mkewe akalibeba lile bomba mgongoni, kwa sababu mtoto wao Yusuph alitakiwa kula. Tangu hapo akanuka dawa. Aoge, ajifukize udi, abadili khanga, harufu iko palepale. Wanaume waliomwita Jumatatu aje kuwapigia mashamba ndio haohao waliovuta mkeka Jumamosi. Nilipohamishiwa pale kufundisha, hilo ndilo jambo la kwanza lililonichefua, na nilijipongeza sana kwa kuchefuka huko. Kumbe nilikuwa bado sijajijua.

Watu walewale waliomkimbia hawakuweza kuishi bila pua yake. Kwetu dumu halitupwi. Dumu la lita tano lililomaliza dawa leo, kesho linabeba maji, keshokutwa mafuta ya alizeti. Miaka kadhaa kabla sijafika, watoto wawili wa nyumba moja walikunywa togwa iliyolazwa kwenye dumu la namna hiyo, na kulipokucha walikuwa maiti. Baada ya msiba ule ukawekwa utaratibu ambao haukuandikwa popote na haukuvunjwa na yeyote: ukipata dumu usilolijua, mpelekee Mwaisha anuse.

Alifungua kifuniko, akaweka pua, akafumba macho. Kisha alisema neno moja. Akisema "maji", litumie upendavyo. Akisema "taa", liweke mafuta ya taa tu. Akisema "toboa", unalitoboa palepale mbele yake, lisije likamponza mwingine. Dawa zote alizijua, na alizipa majina yake mwenyewe: ya kitunguu saumu, ya dagaa wabichi, na ile ya kuua majani ambayo alisema inanuka kama kidonda kilichofungwa wiki nzima. Hakudai chochote. Waliokuja na madumu walisimama mbali na mlango, wakayapokea kwa ncha za vidole, wakashukuru huku wameshageuza mgongo.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona. Mwezi wa tano mafua yakapita kijijini. Tuliyaita mafua. Tulizika watu wanne ndani ya wiki tatu, wawili kati yao walikata roho wakihema kama mtu anayepandisha mlima hali wamelala, na tukarudi makaburini tukisema ni presha. Nyumba zote zilinuka mchaichai na majani ya mkaratusi, kila mtu kajifunika blanketi juu ya chungu anajifukiza. Na mimi nilijifukiza. Ukiniuliza siku zile nilikuwa naumwa nini, ningekwambia nimechoka tu.

Mwaisha naye aliugua siku kumi. Alinisimulia mwenyewe baadaye kwamba siku ya sita alijifunika juu ya chungu, akavuta mvuke, akamgombeza Yusuph kwa kumchemshia maji matupu. Yusuph akafunua blanketi, akamwonyesha majani yaliyojaa mpaka ukingoni. "Mama," akamwambia, "hapa mpaka barabarani kunanuka." Mwaisha akachukua kipande cha kitunguu, akakiweka puani. Kimya. Akaliendea bomba lake la dawa kwenye kona ya ua, akafungua kifuniko, akainama. Kimya. Alikaa chini palepale karibu na bomba, akalia. Wiki zilizofuata waliokuja na madumu aliwaambia ana kazi nyingi, warudi siku nyingine.

Mwezi wa sita tukatangaziwa kwamba shule zitafunguliwa tarehe ishirini na tisa. Mwongozo ukaja: mahali pa kunawia mikono kwa maji yanayotiririka, sabuni, barakoa, watoto wakae mbalimbali. Ofisa kutoka wilayani angekuja siku ya kwanza kukagua. Shule yetu ina watoto mia nne na bomba moja linalotoa maji mara mbili kwa wiki, likipenda.

Kamati ya shule ikakutana. Mwenyekiti alikuwa mzee Stambuli, mwenye duka la pembejeo, mtu wa ukoo mmoja na Mwaisha, na mwaka ule alikuwa anautaka udiwani mpaka unamtoka puani. Mwalimu mkuu wetu, Bi Eufrazia, si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa barua. Ukimwambia paa linavuja atakwambia tutaona. Ukimwambia paa linavuja na kuna barua kutoka wilayani, atapanda juu ya paa mwenyewe. Katibu nilikuwa mimi, Evance, mwalimu wa sayansi na afya, mwenye mwandiko mzuri.

Ningependa kusema tulijadili usalama wa watoto. Saa nzima ya kwanza tulijadili ofisa atakula nini. Kuku wa kienyeji au mbuzi? Akija na dereva, dereva naye apewe paja? Nje ya dirisha, darasa la tatu lilikuwa limegeuzwa zizi na mjumbe mmoja wa kamati hiyohiyo, mbuzi wake kumi na mmoja wamelala humo tangu shule zifungwe, kinyesi kimefika kwenye kifundo cha mguu na mkojo umelowesha ukuta mpaka kwenye jedwali la kuzidisha. Mjumbe huyo ndiye aliyekuwa anasisitiza mbuzi. Nilimwangalia anavyojilamba midomo, nikaandika alichosema.

Kwenye ajenda ya kunawa mikono ndipo Stambuli alipopata nafasi yake. Akasimama, akakohoa kidogo kama wanavyokohoa wagombea, akasema atatoa madumu ishirini na manne ya lita tano kwa ajili ya vibuyu chirizi. Kibuyu chirizi kila mtu wa shule anakijua: unatundika dumu kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, unafunga kamba kwenye kijiti cha kukanyagia, mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, hakuna aliyegusa kitu. Ni jambo zuri na rahisi. "Madumu yenyewe ni ya mafuta ya kula," alisema. "Nimeyapata mjini Morogoro." Watu wakapiga makofi. Mimi nikapendekeza, ili tuwe na uhakika, kwamba yanuswe na Mwaisha kabla ya kutundikwa. Stambuli hakuweza kukataa mbele za watu. Kukataa kungekuwa kukiri. Nikaliandika kwenye mpango, kipengele cha saba, nikajiona nimewaokoa watoto wa watu.

Ijumaa, siku tatu kabla ya kufungua, madumu yalikuwa yamepangwa kwenye veranda ya ofisi, yamesuguliwa kwa mchanga mpaka yanang'aa, karatasi za nembo zimebanduliwa zote. Tulikaa wajumbe sita kwenye mabenchi. Mwaisha akaja na khanga safi, akatusalimia, mimi nikampa shikamoo yake, akaitikia. Akachuchumaa mbele ya dumu la kwanza, akafungua, akaweka pua, akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akachukua la pili. Akachukua la tatu. Nilimwona jasho likimtoka kwenye kipaji cha uso, na asubuhi ile kulikuwa na baridi la ukungu wa mlimani ambalo lilinifanya nivae sweta mbili.

Akaliweka chini lile dumu. "Kaka Stambuli," alisema, "pua yangu imekufa. Tangu nilipougua mwezi wa tano sisikii harufu ya kitu chochote, hata ya moshi. Niliona aibu kusema. Lakini hawa ni watoto."

Benchi nililokalia lilicheza. Wenzangu walikuwa wanajisogeza nyuma. Mwenye mbuzi, ambaye viatu vyake vilikuwa na kinyesi mpaka kwenye kamba, alivuta ukosi wa shati akaziba pua.

"Ulikuwa na mafua, mama Yusuph," Stambuli alisema. "Sote tulikuwa na mafua."

"Nilichokuwa nacho nakijua."

"Ugonjwa huo kijiji hiki haukufika."

"Sawa, haukufika," Mwaisha alisema. "Lakini pua imekwenda nao."

Hakungoja jibu. Alichovya ncha ya kidole kwenye shingo ya dumu la tatu, akajigusa mdomo wa chini, akasubiri. Akatema mate nje ya veranda. Akafanya hivyo kwenye la nne, na la tano, na la sita. Kwenye la sita alisubiri zaidi, kisha akajibana mdomo kwa vidole viwili kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Lile la tatu limenichoma. Hili limenitia ganzi," alisema. "Mafuta ya alizeti hayatii ganzi. Mengine siwezi kusema, na siwezi kuweka mdomo kwenye yote ishirini na manne nikafika nyumbani mzima. Toboeni yote."

"Nimeyaosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni," Stambuli alisema.

Mtu aliyepata madumu ya mafuta ya kula hayaoshi mara tatu. Nikamtazama, naye akaona namtazama, na tukaachana hapohapo, kila mmoja akaangalia pembeni. Alijua. Mimi nilijua. Bi Eufrazia alijua, maana alianza kufungua na kufunga mkoba wake bila kutoa kitu. Mwaisha aliaga, akashuka zake, na alipopita mbele ya mwenye mbuzi yule bwana akanyanyua miguu juu ya benchi.

Hapo ndipo mpango wetu wa kurejea shuleni kwa usalama ulipokamilika. Bi Eufrazia alisema, "Jumatatu saa tatu ofisa yupo hapa. Tutamwonyesha nini?" Wakakubaliana kwamba funika kombe mwanaharamu apite. Madumu yatundikwe, yajazwe maji, ofisa ayaone. Akishuka tu kurudi wilayani, yaondolewe. Mtoto yeyote asiguse. "Andika, mwalimu," Stambuli aliniambia. "Madumu yalikaguliwa na kuonekana salama." Niliinua kalamu. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, na nilikuwa na maombi ya uhamisho mezani kwa Bi Eufrazia. Niliandika. Nikaweka sahihi. Mwandiko ulitoka vizuri kama kawaida.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Mwaisha ana korona. Watu waliokuwa wanasema ugonjwa haukufika sasa walijua hata nyumba ulipofikia. Aliyekuwa amemwita kupiga dawa siku ile alituma salamu kwamba nyanya zimepona zenyewe. Kisimani wanawake walivuta ndoo zao, wakamwachia kisima chote, na alipomaliza kuchota wakamwaga maji pale aliposimama. Mwezi mzima alikuwa amezunguka katikati yao akiwa na pua iliyokufa bila kumdhuru mtu. Kosa lake lilikuwa kusema.

Jumapili Bi Eufrazia akanituma kwa Mwaisha. "Mwambie kwa heshima," alisema, "kesho asipite shuleni." Nikapita njia ya mashambani nisionekane. Mwaisha alikuwa anapepeta mchele barazani. Alinisogezea kigoda. Nikasema nina haraka, nikabaki nimesimama mbali, karibu na mpapai, mimi ambaye niliwadharau watu wa mikeka. Akanitazama, akatazama kigoda, akakirudisha mahali pake.

Ndipo aliponisimulia habari ya chungu na majani. Alisimulia polepole huku anapepeta, kama mtu ambaye hajapata wa kumwambia. Nilipotoa ujumbe wangu hakukasirika.

"Na kesho ni mtoto gani atanawa?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni ya kuonyesha tu. Ofisa akiondoka tunayatoa."

"Huyo ofisa akija kukagua jiko haonji?"

Nilisema hataki kuonja, ataandika tu na kwenda kula. Nilisema na mengine, kwamba maji yatakuwa mengi na dawa iliyobaki ni ndogo, kwamba nitasimama mwenyewe karibu. Aliendelea kupepeta. Nilipogeuka kuondoka aliniuliza kama nimefundisha watoto kunawa. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nimewaita wachache wa mazoezi, wanahesabu mpaka ishirini kwa sauti. "Vizuri," alisema.

Jumatatu kulipambazuka vizuri. Darasa la mbuzi lilikuwa limefukuliwa na kupigwa chokaa usiku kucha, na chokaa ilikuwa bado mbichi, na chini yake mkojo ulikuwa palepale. Vibuyu chirizi ishirini na vinne vilining'inia kwenye mstari mmoja uwanjani, kila kimoja kimeandikwa kwa rangi nyekundu jina la mfadhili, Mzee Stambuli. Watoto walisimama kwenye alama za chokaa, mita moja moja, wamefungwa barakoa za vitenge. Wazazi walijaa nyuma, wamesongamana bega kwa bega. Ofisa alifika na gari saa tatu na nusu, kijana mwembamba, mstaarabu, akatusalimia kwa kukunja mikono kifuani. Nikampa faili. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Akatembea kando ya vibuyu. Akasifu. Akasema amezunguka shule tisa, hii ndiyo ya kwanza kuviona vingi namna hii. Stambuli akainama kwa unyenyekevu. Kisha ofisa akasema, "Naomba mtoto mmoja atuonyeshe."

Bi Eufrazia aliniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Stambuli. Na Stambuli, bila kutetereka, akaenda mbele ya mstari wa watoto kuchagua.

Wa kwanza alikuwa Twalibu, mjukuu wake mwenyewe, ameshanyoosha mkono. Akampita. Wa pili alikuwa binti wa mwenye mbuzi. Akampita. Wa tatu alikuwa mtoto wa jirani yake mwenye duka. Akampita naye. Akasimama kwa Shadia wa darasa la tatu, ambaye baba yake alitoka kwenye mashamba ya miwa kuja kufanya vibarua vya nyanya, na asubuhi ile alikuwa kibaruani. "Huyu," alisema.

Nimekutana na kinyaa cha kila namna katika maisha yangu. Nimesafisha vyoo vya shule kwa mikono yangu mwaka bomba lilipokatika. Sijawahi kuona kitu kichafu kama mkono ule ulioteremka juu ya bega la Shadia baada ya kupita mabega matatu. Niliuona vizuri. Nilikuwa umbali wa hatua nne, pale nilipoahidi kusimama. Nikasimama.

Shadia alitoka mbele, barakoa imempanda mpaka chini ya macho. Alikuwa mmoja wa wale niliowafundisha. "Kwanza nalowanisha mikono," alitangaza kwa sauti ya darasani, akakanyaga kijiti. Dumu likainama. Maji yakamchirizikia viganjani. "Pili napaka sabuni." Akapaka. "Tatu nasugua nikihesabu mpaka ishirini." Akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, anasugua katikati ya vidole, anasugua nyuma ya viganja, kila kitu kama nilivyomwonyesha. Ofisa alikuwa anatabasamu. Povu likawa jingi. Kwenye kumi na moja barakoa ilianza kumwasha, akainua mkono wake wa povu kuisogeza.

Mtu akakohoa pale kwenye njia ya kuingilia.

Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kutoka tumboni, na watu waligeuka wote. Mwaisha alikuwa anakuja ameshika fimbo iliyofungiwa msumari mrefu nchani. Alikohoa tena. Hakuwa na kikohozi. Nilimwacha jana yake barazani, tumeongea nusu saa, hakukohoa hata mara moja. Alikuwa anajipatia njia. Wazazi walioshonana kama kunde kwenye gunia walifumuka. Wanawake walibeba watoto wao, wanaume wakaruka matuta ya maua, alama zetu za chokaa zikafutwa na miguu ya watu wanaokimbia. Ofisa naye alirudi nyuma mpaka kwenye gari. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile watu walikaa mbalimbali, na uwanja wote ukabaki na watu watatu: Mwaisha, Shadia, na mimi, ambaye sikwenda mbele wala sikurudi nyuma.

"Usijiguse uso, mwanangu," Mwaisha alimwambia mtoto. "Nyoosha mikono mbele. Hivyohivyo."

Kisha akalitoboa dumu la kwanza. Msumari uliingia, maji yakaruka, akahamia la pili. Stambuli alikuwa nyuma ya mlingoti wa bendera. "Mkamateni huyo mwanamke," alisema. Hakuna aliyemkamata. Mwaisha akageuka, akamkoholea kaka yake wa ukoo, na Stambuli akarudi hatua nyingine tatu. La tano, la sita, la saba. Alitoboa bila haraka, kama anavyofanya kazi yake shambani, tuta kwa tuta, hakuruka hata moja. Maji yalitapakaa kwenye udongo uliokuwa umeanza kupata jua.

Na harufu ikapanda. Ilipanda polepole, kwanza kitunguu saumu, halafu kitu kama dagaa, halafu ile nyingine, na ilipofika kwa watu waliosimama mbali niliwaona wanaziba pua mmoja baada ya mwingine, barakoa juu, kiganja juu ya barakoa. Mama mmoja alitapika pembeni ya darasa lenye chokaa. Kila mtu uwanjani pale alikuwa anasikia, isipokuwa aliyekuwa anatoboa.

Ofisa alisogea mpaka alipoweza kuvumilia. Alikuwa amefungua faili langu. Akasoma kwa sauti, "Madumu yalikaguliwa na kuonekana salama." Akainua macho. "Katibu ni nani?"

"Ni mimi," nilisema.

Mwaisha alikuwa amemaliza la mwisho. Aliegemea fimbo yake akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua. "Mwalimu, mimi sina pua. Wewe unayo. Waambie watu. Yananuka au hayanuki?"

Macho yangu yalikuwa machozi matupu kwa harufu ile. Nilimwona Bi Eufrazia akitikisa kichwa kidogo, kidogo sana, kwa ajili yangu peke yangu. Nilimwona Stambuli. Nilimwona Shadia ameshikilia mikono yake mbele, povu linaanza kukauka kwenye vidole, ananingoja mimi niseme, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wake wa afya.

"Kidogo, mama," nilisema.

Mwaisha alinitazama. Alipangusa msumari kwenye nyasi, akamwambia Shadia aendelee kunyoosha mikono hivyohivyo, asiguse hata gauni lake. Watu wakawapisha, wakateremka wawili, mtoto mbele na yeye nyuma, kwenda nyumbani kwake ambako kulikuwa na maji ya kunawa.